Mtungi wa Midomo Miwili

"Bibi, umekauka?"

Kila asubuhi hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza. Nikipita mbele ya kioo na kikombe changu cha uji, Namkunda anainua kichwa kule aliko, anapangusa vumbi la njia kwa mgongo wa mkono wa kushoto, ananiuliza kama mtungi wake umekauka. Nami namjibu, "Bado, mama. Udongo wa masika hauendi mbio."

"Wewe ndiye huendi mbio, mke mwenzangu. Masika gani haya yasiyokwisha?"

Aliniita mke mwenza tangu anajifunza kusema, kwa sababu babu yake alikuwa akimwita mchumba. Nami nilikuwa namjibu kwamba mume tumeshazika, sasa tugombee nini, jembe? Basi anacheka. Hata kule kiooni alicheka vilevile, kicheko chake kinachoanzia puani.

Masika yalikuwa yamekwisha zamani. Maharage yalikuwa yameshavunwa na kupigwa, na Namkunda mwenyewe alikuwa amelala nyuma ya jiko, kwenye migomba, ubavuni mwa babu yake. Homa ilimchukua kabla hatujaelewa ni homa gani. Tulimwosha mimi na mama yake. Aliyekuwa akiniuliza habari za mtungi ni kivuli chake.

Nieleze, maana si kila nyumba imeingiwa na jambo hili.

Nchi ya Kiu ni mchezo unaochezwa kiooni. Watoto wa Usangi yote waliucheza, na wa kwingine pia. Unaanzia juu mlimani penye chemchemi, na chini yako kuna nyika iliyokauka mpaka macho yachoke. Kazi yako ni kubeba maji ushuke nayo. Popote unapoyamwaga, majani yanaota, na majani hayo hayafutiki. Kesho mtoto mwingine asiyekujua atapita juu yake. Hakuna anayekatwa panga humo. Nilipoona ndivyo ulivyo, sikumkataza mjukuu wangu.

Ila mchezo nao ulikuwa unamtazama. Kila alipocheza ulijifunza jambo: anavyocheka, anavyotania, kinachomkasirisha, njia ikigawanyika anashika upande gani. Mchezaji akifa, mchezo unaendelea naye. Unaongea naye na anakujibu, na ulichomwambia jana anakikumbuka. Kitu kimoja tu kimemtoka: hesabu ya siku. Kwake yeye bado ni msimu ule wa mwisho aliocheza, na msimu huo alikuwa anangoja mtungi.

Mtungi wenyewe ulitokana na mchezo. Wanaoanza kucheza wanapewa debe la kuazima, na debe hilo linavuja. Halikufikishi nyikani hata ukimbie vipi. Ukitaka chombo chako, unachagua chombo kimoja katika vile vilivyochorwa, unataja mtu mmoja wa kukutengenezea, na huyo mtu anakitengeneza kwa mikono huku duniani. Kikishamaliza kusomwa na jicho la mchezo, kinakuwa pacha wa kile cha kiooni. Hiki cha huku kikipasuka, na cha kule kimepasuka. Cha mashine hakikubaliwi, kwa kuwa mashine itatoa kingine kama hicho kesho, na cha mkono hakina mwenzake. Mtoto wa fundi bati alitengenezewa birika. Watoto wa Ugweno walikuja na vibuyu. Namkunda akanitaja mimi, akachagua mtungi ambao hakuna mfinyanzi mwenye akili timamu angeuchagua.

Ulikuwa na midomo miwili. Mmoja wa kunywea, mwingine wa kumwagia, na kati ya shingo mbili daraja jembamba la udongo la kushikia. Aliuchora kwa mkaa ukutani mwa jiko ili niutazame nikipika.

"Huyu aliyeuchora huko mchezoni, mwambie aje auchome yeye," nilimwambia.

"Bibi, ni mchezo tu."

"Moto hauchezi."

Lakini niliufinyanga. Niliufinyanga Namkunda yuko hai, amekaa kwenye kigoda anakula muwa na kunitupia maganda miguuni. Nilipomaliza nikaupindua kwenye majani ya mgomba, nikabonyeza dole gumba langu chini ya kitako, udongo ukiwa bado mbichi.

Kwetu sisi wafinyanzi wa ukoo huu, dole ni ahadi. Maana yake: ukipata ufa, urudishe kwa mkono huu. Namkunda alilijua hilo kuliko mama yake. Babu yake alipokufa, nilifinyanga mtungi mdogo wa kuweka kaburini, na yeye, akiwa bado binti mdogo, ndiye aliyeushika nikiutoboa ili asiwepo mtu wa kuuchotea maji tena. Aliugeuza akaangalia chini.

"Bibi, umesahau dole."

"Sikusahau. Babu yako atauleta kwangu na miguu gani?"

Alifikiri kidogo, akasema, "Basi vizuri. Usimwahidi kitu."

Ule mtungi wa midomo miwili haukufika motoni. Ulikuwa unakauka kivulini, chini ya gunia lenye unyevu, ulipotufika msiba. Nyumba ikajaa watu, gunia mtu akalichukua akakalia. Hakuna aliyekumbuka kuugeuza. Nilipouona tena, daraja lilikuwa limekatika katikati na shingo moja imelala.

---

Hidaya alikuja vuli ikikaribia. Ni binti wa watu wa mchezo, anazunguka milimani kwenye nyumba zenye vivuli. Alivua viatu mlangoni, akaniamkia, akampa Navoneiwa pole kana kwamba tumezika jana. Navoneiwa ni mwanangu, mama yake Namkunda. Alikuwa amekaa palepale alipokuwa akikaa siku zote, kwenye mkeka mbele ya kioo. Alikuwa ameacha kufundisha shuleni, na watoto wa darasa lake wakipita njiani hakuwatazama.

Kioo kilikuwa kimefunikwa kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kumwambia mtoto apumzike.

"Nimekuja kwa habari ya mtungi," alisema Hidaya. "Mvua zikianza, mchezo unasafishwa. Vivuli visivyo na pacha vinaondolewa. Vyenye pacha vinabaki."

"Vinabaki mpaka lini?" aliuliza Navoneiwa.

"Vinabaki, dada. Chombo kikiwa kizima, na mwenyewe yupo."

Navoneiwa akanigeukia. Mkono uliotajwa ulikuwa wangu.

"Na yeye atajua lini?" nilimuuliza Hidaya.

"Kujua nini, bibi?"

"Kwamba alikufa."

Binti wa watu akatazama miguu yake. "Hatajua. Nasi tunaomba asiambiwe. Mmesikia habari za Mzee Kajiru wa Ugweno?"

Tulikuwa tumesikia nusu nusu. Akatueleza. Kajiru alichoka kumdanganya mwanawe, siku moja akamwambia ukweli. Kijana hakulia wala hakubisha. Aliketi chini njiani, na tangu siku hiyo hajainuka. Kibuyu chake ni kizima, kwa hiyo haondoki. Kila asubuhi baba yake anafungua kioo anamkuta ameketi vilevile, jua la kule linampiga kichwani.

"Kwa nini asikivunje hicho kibuyu?" aliuliza Navoneiwa.

"Anasema hawezi kumuua mara ya pili."

Nikamuuliza, "Wewe binti, hebu niambie. Hao wanaumia?"

Hidaya akajibu, "Bibi, nimeulizwa swali hilo kila nyumba. Wakubwa wangu wana majibu yao. Mimi sijui. Huwa nawasalimia tu kama ninavyosalimia watu."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikamfungia viazi vikuu akaondoka.

---

"Utaufinyanga," Navoneiwa aliniambia tulipobaki wawili. Nilikuwa nachambua mchicha.

"Navo."

"Utaufinyanga, mama. Udongo upo. Tangu masika unamwambia haujakauka, haujakauka. Haujakauka nini, wakati hata kuuanza hujauanza?"

"Nikiumaliza, atashuka nyikani. Atarudi akuambie alichokiona. Kisha atakuuliza mbona urefu wake ni uleule. Atakuuliza shule imefunguliwa lini. Utamjibu nini, na kwa miaka mingapi?"

"Nitamjibu chochote. Nitamdanganya mpaka nife."

"Ukishakufa?"

Alininyang'anya ungo. Hakuutupa, aliushika tu kifuani kama mtu aliyeshika mtoto. "Wewe ulizika mume ambaye alikuwa mzee," alisema. "Mimi nimezika mtoto aliyekuwa bado hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Usinifundishe uvumilivu wako. Uvumilivu wako ni wa udongo."

Mwanangu alikuwa hajawahi kusema nami hivyo. Sikukasirika. Nilimtazama shingo, jinsi mifupa ilivyojitokeza, na gauni linavyoning'inia kama limeanikwa. Nikafikiri: huyu mmoja ameshakwenda, na huyu mwingine yuko njiani. Kivuli nitakidanganya. Mungu atanielewa, na asiponielewa tutaongea tukikutana. Nilikuwa na mtoto mmoja tu wa kuzaa, na alikuwa mbele yangu anakonda.

"Lete ungo wangu," nikamwambia. "Kesho naenda mtoni kuchimba udongo. Wala mtu asinisemeshe ninapochimba, unajua mwiko."

Akakaa chini akalia. Halafu akala, kwa mara ya kwanza akala sahani nzima.

---

Udongo wetu unachimbwa bondeni, chini ya magimbi, na anayechimba haongei. Nilirudi nao kichwani, nikautwanga, nikachanganya na vigae vya mitungi iliyovunjika vilivyosagwa, kwa sababu udongo usio na kigae ndani yake haujui moto ni nini. Kwenye udongo huo nilitwanga na ule mtungi wa kwanza.

Nilifanyia kazi uani, dirisha la sebule likiwa wazi. Namkunda alikuwa hanioni, ila alinisikia.

"Bibi, unapiga nini?"

"Udongo."

"Kwani ule wa kwanza uko wapi? Si ulikuwa unakauka?"

Nikakaza mkono. "Ulipasuka."

"Wewe? Wewe mtungi wako haujawahi kupasuka ukikauka. Unaamka usiku kuiangalia kama watoto wachanga, Babu alikuwa analalamika."

"Kulikuwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Wengi, mama. Nilichanganyikiwa."

"Walikuja kwa ajili yangu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya utani. "Mmeshanitafutia mume? Mwambieni nina safari, anisubiri."

Navoneiwa, aliyekuwa amekaa mkekani, akacheka kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Nani akuoe wewe, hata ugali unaungua."

"Ataoa mtungi, basi. Mtungi utakuwa mzuri."

Nikakunja vifundo vya udongo, nikavizungusha kimoja juu ya kingine, nikasawazisha kwa kipande cha kibuyu. Shingo mbili zikapanda. Daraja nililiweka udongo ulipoanza kushika, nikaliegemeza juu ya gunzi la mahindi ili motoni gunzi liungue lenyewe na kuliachia. Hiyo ilikuwa hila yangu. Nikasugua mwili kwa jiwe laini la mtoni mpaka uso wake ukaanza kung'aa. Nikaupindua, nikasafisha kitako, nikauweka kivulini. Mara hii sikumpa mtu gunia alikalie.

Kila asubuhi akauliza, "Bibi, umekauka?" na kila asubuhi nikasema, "Bado," na kwa mara ya kwanza tangu masika ilikuwa kweli.

Nilichoma siku isiyo na upepo. Nyasi chini, kuni, mavi ya ng'ombe, nyasi tena juu. Navoneiwa alinisaidia kubeba kuni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu alipokwenda chuo cha ualimu. Tulikaa mbali kidogo na moto tukisikiliza. Mtungi ukifa motoni unasema: pwaa, mara moja. Tulisikiliza mpaka majivu yakawa meupe.

Ulitoka mzima. Mwekundu, na upande mmoja una wingu jeusi mahali moto ulipoulamba. Nikaugonga kwa kidole ukalia kama kengele ndogo.

"Mama," alisema Navoneiwa, akaugusa. Alikuwa hajawahi kukisifu chombo changu hata kimoja. "Mama, ni huohuo wa ukutani."

---

Hidaya alirudi na jicho lake, kitu kidogo kama kokwa la parachichi. Alilizungusha kwenye mtungi taratibu, juu, ubavuni, chini, kila mkwaruzo ukaingia. Halafu akavisha shingo moja pete nyembamba ya waya.

"Pete hii inasikiliza," alitueleza. "Kila chombo kina mlio wake, hata kama ni mdogo sikio haliusikii. Upepo ukiupiga unalia, mtu akipita unalia. Mlio ukiwa uleule, na yeye yupo. Mlio ukibadilika, mchezo unajua."

"Na ukibadilika ghafla?" nikauliza.

"Anaondoka ghafla. Ukibadilika kidogo kidogo, kidogo kidogo." Akanitazama kana kwamba anataka kuongeza neno, akaliacha.

Navoneiwa alikuwa amejipamba. Alivaa kitenge cha harusi ya dada wa marehemu mumewe, akasuka nywele. Akavuta kanga kioo kikafunguka.

Namkunda alikuwa ameketi penye chemchemi, debe la kuazima pembeni. Mtungi ukatokea mikononi mwake wenyewe, bila kishindo, kama kitu alichokuwa amekishika siku zote. Akautazama. Akatia kidole katika mdomo mmoja, akachungulia katika mwingine, akacheka kwa pua.

"Mke mwenzangu," alisema, "wewe ni mchawi."

"Nilikuambia moto hauchezi. Tumeelewana nao."

"Na wingu hili jeusi, mama, umeliona? Hakuna mwenye wingu kama hili." Akauinua Navoneiwa auone, na Navoneiwa akapiga makofi taratibu, machozi yanamtoka, anatabasamu. Nikasema moyoni: haya, imekuwa. Tutaishi hivi.

Kisha mtoto akaugeuza mtungi kitako juu.

Nilimwona anavyotafuta. Alipitisha kidole gumba chake mahali pale, akakizungusha, akapitisha tena. Mimi nikatazama mtungi wa kweli uliokuwa mezani, nikaupindua. Kitako kilikuwa laini. Nilikuwa nimekisugua kwa jiwe, nimekisafisha vizuri, kisha nikauweka kivulini. Mikono hii imefinyanga mitungi ya walio hai na ya waliokufa tangu nikiwa msichana, na haikuniuliza. Ilijua inamfanyia kazi nani.

"Bibi," alisema Namkunda. "Hujaweka dole."

Navoneiwa hakuelewa. Mama huyu hakuwahi kukaa kwenye udongo. "Dole gani?" alisema. "Bibi yako amezeeka, amesahau."

"Bibi hasahau dole."

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimefunika mdomo. Ningeweza kusema nimesahau. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nilikuwa nimedanganya kutwa kucha, moja zaidi lingenizidishia nini. Lakini alikuwa ananitazama usoni. Na kuweka dole sasa hakuwezekani, udongo ukishaungua haupokei kitu.

"Wale wageni," alisema polepole. "Walikuja kwa ajili yangu."

"Ndiyo, mama."

"Mama," Navoneiwa alinishika mkono kwa nguvu, "mama, nyamaza."

"Nilikuwa naumwa?"

"Homa. Hukukaa nayo muda mrefu."

"Nimelala wapi?"

"Ubavuni mwa babu yako. Kwenye migomba."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Akatazama chemchemi, akatazama nyika kule chini. Akaanza kukunja magoti. Niliona anavyoshuka, taratibu, akitafuta ardhi kwa mkono mmoja, na nikakumbuka yule kijana wa Ugweno.

"Usikae," nikasema. Nadhani nilipaza sauti. "Namkunda, usikae chini. Simama unisikilize."

Akasimama nusu.

"Ukikaa hutainuka. Mtungi ni mzima, hautakuacha uondoke wala hautakupeleka popote. Mimi nitakufa, mama yako atakufa, wewe utakuwa umekaa hapo."

"Sasa nifanye nini, Bibi?" Ilikuwa sauti ya mtoto. Tangu arudi kwetu kiooni sikuwa nimeisikia sauti hiyo.

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, alilishika mikononi babu yake alipozikwa. Akautazama mtungi tena.

"Ukinitobolea kidogo," alisema, "tundu dogo sana, maji yatatoka polepole?"

"Polepole."

"Nitafika chini?"

"Ukitembea sasa hivi utafika."

Navoneiwa akaukumbatia mtungi wa mezani. Aliukumbatia wote, kichwa juu ya daraja, na nilifikiri utavunjika papo hapo na kumkatiza mtoto katikati ya neno. "Hapana," alikuwa anasema. "Hapana, hapana. Mwanangu huyu. Mtu hatobolewi."

"Mama," Namkunda alimwita. "Mama, unanisikia? Siku hizi huniulizi nimekula nini. Kila siku ulikuwa unaniuliza. Nikadhani nimekukosea."

Navoneiwa alikaa vile, amefumba macho, muda mrefu. Sikumharakisha. Hidaya naye hakusogea. Baadaye mwanangu akanyanyua kichwa, akaulaza mtungi mapajani, kitako juu, akaushika kwa mikono miwili kama mwanawe alivyoushika ule wa babu yake. Hakuna aliyemfundisha.

"Chota maji kwanza," akamwambia kioo. "Jaza kabisa."

---

Nilitumia msumari mwembamba. Sikuupiga, nilipekecha, nikizungusha kati ya viganja, vumbi jekundu likishuka kwenye kitenge cha Navoneiwa. Nimesemwa maisha yangu yote kwamba nachelewa. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa kuchelewa kwangu. Niliisikia pete ikibadili mlio, kitu chembamba kama mbu, na kule kiooni tone la kwanza likaanguka.

Namkunda alikuwa ameshaanza kushuka. Alitembea kwa mwendo wake wa kutupa mkono mmoja. Nyuma yake, kila tone lilipoanguka, kijani kikachipua, kijani chembamba kama uzi, kikamfuata chini ya mlima.

"Mnaona?" alisema bila kugeuka.

"Tunaona," mama yake akamjibu. "Umekula nini?"

"Bado sijala."

"Ukifika ule."

Alipita vilima vya kwanza, mahali ambapo debe halikuwahi kumfikisha. Akaingia nyikani. Alinywa mara moja kwa mdomo wa kunywea, akasema maji ni ya baridi. Aliongea kidogo kidogo, habari za mawe, habari za ndege aliyemwona. Mimi nilikuwa nimeacha kupekecha. Tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Alipokuwa mbali sana, mdogo kama siafu, akasimama akainua mtungi akaupindua, na kile kidogo kilichobaki akakimwaga kwa mdomo wa kumwagia. Pakaota kichaka. Halafu kichaka kilikuwepo na yeye hayupo.

Hidaya aliivua pete. Alilia kuliko sisi, binti wa watu, mpaka Navoneiwa akampa maji.

Mtungi upo kwenye migomba. Vuli ilipoanza, watu wa mchezo wakasafisha kama walivyosema, lakini ule uzi wa kijani haukufutwa, kwa kuwa maji yaliyomwagwa hayafutwi. Hidaya anasema watoto wa mbali wanaufuata wakishuka, hawajui ni wa nani. Mimi sijauangalia. Kioo tumewarudishia watu wa mchezo.

Juzi Navoneiwa alitoka shuleni akavua saa yake, akapandisha mikono ya gauni, akakaa uani kwenye kigoda cha mwanawe. Nilikuwa nazungusha mtungi wa kawaida, mdomo mmoja. Alinitazama mpaka nikamaliza shingo. Sikumuuliza amefuata nini.

"Huo ni wa nani?" akasema.

"Hauna mwenyewe bado."

"Nipe mimi."

Nikaupindua kwenye majani ya mgomba. Nikalowesha dole gumba, nikabonyeza, nikalishikilia pale kuliko ilivyo kawaida. Navoneiwa akainama, akakiangalia kitako. Kisha akaweka dole lake juu ya alama ya dole langu, taratibu, asije akaiharibu.